Kitabu Kilichokatwa Mkia

Ujumbe wa Zuhura ulinikuta dukani kwangu Mombasa, mashine ya fotokopi imekwama karatasi na mteja amesimama ananiangalia kwa jicho la kulaumu. "Shikamoo baba mdogo. Mimi ni Zuhura, binti wa Bakari wa Tanga. Baba ametangulia mbele ya haki juzi. Hitma ni Ijumaa baada ya sala. Namba yako nimeitoa kwenye daftari lake, umeandikwa Mwalimu." Nilimaliza kazi ya yule mteja, nikafunga duka saa nne asubuhi, nikakaa ndani peke yangu. Bakari sikuwa nimemwona tangu tuagane Jeddah, na sababu ninaijua vizuri, si umbali. Kutoka Mombasa hadi Tanga mtu hutoka asubuhi na chakula cha mchana akakila huko huko. Nilikuwa ninamkimbia. Kila Idi alinitumia salamu alizoziandika mwenyewe, ndefu, za kuuliza hali yangu na ya wanangu, na kila Idi nilimjibu kwa zile picha za mwezi na taa ambazo watu wanatumiana, ili nisilazimike kuandika neno langu mwenyewe.

Nataka kusimulia mwaka mmoja tu. Mambo ya wazazi wangu na nilikozaliwa hayahusiki hapa. Mwaka huo nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, na nilijiona nina akili kuliko kazi niliyopewa. Nilikuwa farashi katika ofisi ya kampuni moja ya ujenzi mtaa wa Olaya, Riyadh, yaani mtu wa chai, wa kubeba mafaili na wa kutoa nakala. Nyumbani nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka minne. Basi kila nilipoingia kwenye mkutano na sinia la chai, na wakubwa wakachukua vikombe bila kuinua macho, nilikuwa najisemea moyoni kwamba hawa hawajui wamemtuma nani. Watu wa ofisini walikuwa wakiniita "ya sadiki", ewe rafiki, kwa sababu jina langu lilikuwa halijawaingia kichwani. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue nilikuwa na njaa ya kitu gani.

Aliyeniona katika ofisi ile alikuwa Mchina mmoja, mpima ardhi, jina lake Wei. Chai yangu hakuinywa hata siku moja, alikuwa na chupa yake ya maji ya moto yenye majani yanayoelea. Saa ya chakula alicheza karata peke yake, na kila karata ilikuwa na picha ya mtu, wenye ndevu, wenye mapanga, wenye sura za hasira. Siku moja nikamwuliza ni kina nani. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha kukatakata kwamba ni majambazi, wako mia na nane, na hakuna Mchina asiyewajua. Wanatoka kwenye riwaya ya zamani sana. Alipokuwa mdogo, picha zao zilikuwa zinatiwa ndani ya pakiti za tambi na watoto walikuwa wakizigombania. Kijijini kwa bibi yake waigizaji walijipaka rangi usoni wakawaigiza wiki nzima, na mwanawe mwenyewe siku hizi anawacheza kwenye simu. Hata mkubwa wake akimlazimisha kazi ya siku ya mapumziko, yeye humwambia mkewe amesukumwa mlimani, kwa sababu wale majambazi wengi walikuwa watu wema walioonewa na maofisa mpaka wakakosa pa kwenda, wakakimbilia mlima mmoja uliozungukwa na kinamasi. "Mpaka leo," alisema, "ukitaka kuharibu karamu kwetu, uliza kama wale ni mashujaa au ni wauaji tu. Wazee watagombana mpaka chakula kipoe." Wiki iliyofuata akaniletea kitabu chenyewe, tafsiri ya Kiingereza, kinene, mgongo umelegea. Nikakitia jalada la karatasi ya kalenda, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu.

Haikupita muda kampuni ikanihamishia Jeddah kwenye ofisi yake ndogo ya huko, na mimi nikapata pa kulala mtaa wa Kandara, orofa ya tatu, juu ya duka la masanduku ya safari. Chumba kilikuwa cha watu sita. Madirisha yalibandikwa karatasi ya fedha ya kufungia chakula ili jua lisiingie, kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo, na jiko la gesi lilikuwa limewekwa juu ya debe la rangi karibu na mlango. Anayepika ni Bakari. Alikuwa mrefu, mpole, wa Tanga, sauti yake ya chini kiasi kwamba ukitaka kumsikia lazima upunguze feni. Kazi yake ilikuwa kuosha masufuria nyuma ya mkahawa mmoja, na alikuwa akirudi na wali wa kabsa uliobaki, anauchambua, anautia nazi ya unga na pilipili ya kwetu, mpaka unasahau umetoka kwenye sahani za watu. Wa pili kumjua alikuwa Kamau, Mkenya wa Nakuru, aliyekuwa mlinzi wa ghala. Huyo alikuwa mcheshi, Mkristo, kila Ijumaa sisi tukitoka msikitini tunamkuta amekwishaosha sinia anatungoja. "Mmetuombea na sisi ama mmejiombea tu wenyewe?" ndiyo iliyokuwa salamu yake.

Katika watu sita, mwenye ikama, kile kibali cha kukaa nchini, nilikuwa mimi peke yangu. Mkataba wa Kamau ulikwisha akaamua kubaki. Bakari alikuwa na jambo zito zaidi. Alikuja kuwa dereva wa familia moja Riyadh, miaka miwili ikapita, kafili, yaani tajiri aliyemleta na kumdhamini, akakataa kumwachia pasi yake na akakataa kumpa likizo. Siku moja alitumwa mkate, akaenda moja kwa moja hadi kituo cha mabasi. Kafili akamripoti. Mtu aliyeripotiwa hivyo huitwa wa hurubu, mtoro, na uvumi wa Kandara ulikuwa kwamba akikamatwa anarudishwa mikononi mwa kafili yuleyule afanywe atakavyo. Bakari alipoondoka Tanga mkewe alikuwa na mimba. Mtoto huyo ndiye Zuhura, na mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka mitatu. Kila Ijumaa kabla ya chakula Bakari alikuwa anapiga simu nyumbani, nasi wote tunanyamaza kwa heshima na tunasikia kila kitu. Siku moja tulimsikia mtoto akimwuliza mama yake, "Mama, huyu ndiye yule baba wa kwenye simu?" Bakari akacheka nasi tukacheka. Kisha akainuka akaenda kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Nilianza kuwasomea kile kitabu kwa bahati tu. Ijumaa moja baada ya kula Kamau aliniona nacho akasema, "Mwalimu, hiyo Bible yako ni ya dini gani?" Nikawaeleza, nikaanza kukitafsiri palepale, Kiingereza machoni na Kiswahili mdomoni, nikiongeza chumvi kidogo. Nilikuwa nimesahau raha ya kusikilizwa. Watu watano wamelala kwa ubavu juu ya mkeka, mmoja anajichokonoa meno, kisha polepole mmojammoja anakaa kitako. Kile kitabu chenyewe kina ujanja, kila sura hukatika pale mtu anapoinuliwa panga au anapogongewa mlango. Nami nikajifunza kukifunga kwa kishindo hapohapo. "Wewe Mwalimu una roho mbaya," Bakari alikuwa akisema, "wiki nzima nitaosha masufuria nikiwaza huyo mtu amekatwa au hakukatwa." Mimi naondoka kama sikusikia, lakini nilisikia, na hadi Jumamosi nilikuwa natembea kifua mbele.

Wale majambazi, wanapofika mlimani, hula kiapo cha udugu na hupewa viti kwa daraja, wa kwanza, wa pili, hadi wa mia na nane. Jambo hilo liliwaingia sana wenzangu. Haukupita mwezi tukawa tunakaa kuzunguka sinia kwa daraja. Kiti cha kwanza kilikuwa cha Bakari, maana ndiye aliyekitangulia chumba na ndiye anayetulisha. Kamau alikuwa wa tatu, na alilalamika kila wiki kwamba Watanzania wameiba kura. Nilipouliza changu kiko wapi, Bakari akasema, "Mwalimu hana kiti. Mwalimu ndiye mwenye kitabu." Sijawahi kupewa cheo nilichokipenda kama hicho. Na niseme pia jambo ambalo hakuna aliyeliona. Nilipokuwa ninawasomea habari za watu waliokosa pa kukimbilia, mkono wangu wa kushoto ulikuwa unaigusa ikama mfukoni mwa shati. Wao ndio waliokuwa kinamasini. Mimi nilikuwa nimepita kutembea.

Kitabu kilikwisha. Majambazi wote mia na nane wamekusanyika, wameketi kwenye viti vyao, kuna karamu kubwa, mmoja anaota ndoto mbaya, basi. Nikageuza ukurasa, nikakuta jalada. "Halafu?" Bakari akauliza. Nikamwambia kimekwisha. Akakataa kabisa. Alisema haiwezekani, watu mia na nane hawawezi kukaa kinamasini wakila nyama mpaka kufa, wana mama zao, wana watoto, lazima mtu alitaka kurudi kwao. "Muulize yule Mchina wako," akasema. "Huyo aliyeandika kuna kitu ametuficha." Na katika wiki hiyohiyo habari zikaenea Kandara nzima kwamba serikali imetangaza msamaha. Asiye na ikama ajitokeze, apewe karatasi, aende kwao bila faini wala jela. Katika duka la masanduku chini yetu watu walikuwa wanajaa hadi barabarani. Lakini kuhusu watu wa hurubu kila mdomo ulikuwa na lake. Huyu anasema wamo, yule anasema ni mtego, wanakusanywa warudishwe kwa makafili.

Siku chache baadaye kampuni ikanituma Riyadh kupeleka mafaili na kutia alama za vidole kwa ajili ya ikama yangu. Nilimkuta Wei palepale na karata zake. Nilipomweleza kitabu kilipoishia, alicheka. "Hicho chako kimekatwa mkia," akasema. Miaka mingi sana iliyopita mtu mmoja alikitoa kitabu akaondoa sehemu yote ya mwisho, na alikata makusudi, kwa sababu hakutaka majambazi wasamehewe. Tafsiri yangu ilifuata hicho kilichokatwa. Kile kirefu kinaendelea. Mfalme anatoa msamaha, majambazi wanashuka mlimani kwa furaha, wanavishwa nguo za askari, wanatumwa kupigana na waasi wengine, na wengi wanakufa huko. Waliobaki wanapewa vyeo. Kisha maofisa walewale waliowaonea tangu mwanzo wanampelekea kiongozi wao zawadi ya divai, na divai hiyo ina sumu. Wei aliniambia babu yake alipokuwa akiwasimulia watoto alikuwa anafungia kwenye karamu. Mbele ya hapo alikuwa haendi.

Meza ya pili kutoka kwa Wei alikuwa amekaa mandubu wa kampuni, Myemeni, mtu wa kushughulikia karatasi zote za serikali. Mbele yake palikuwa na tangazo la msamaha, ukurasa mmoja. Nikamwuliza, na sauti yangu naikumbuka, nilimwuliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Na wa hurubu?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Hata wa hurubu. Nimewapeleka wetu mwenyewe kwa mkono wangu wiki hii. Vidole, karatasi, ndege, halas. Kafili hana neno. Ila dirisha la msamaha likifungwa, mafi, hakuna tena." Akanionyesha mstari wenyewe kwa kidole. Nikaomba lile tangazo, nikaenda nalo kwenye mashine, nikatoa nakala. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikaikunja mara nne, nikaitia mfuko wa shati, pamoja na ikama.

Kwa hiyo nilirudi Jeddah na habari mbili. Nia yangu ilikuwa kuzifikisha zote mbili, na katika hili naomba niaminiwe, ingawa sioni kama linanisaidia. Ijumaa tulikula, tukanawa, nikaanza na kisa. Nilikuwa nimepanga kumaliza hadithi kisha nitoe karatasi, niseme, hao walikuwa Wachina, sisi wetu ni huu hapa, Bakari funga mzigo. Lakini nilisimulia vizuri mno. Sijawahi kusimulia vile, wala sijasimulia tena. Nilipofika kwenye ile divai, kiongozi amekishika kikombe, anakunywa kwa utiifu, wote walikuwa wamekaa kitako. Kamau alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Bakari alikuwa ameziba mdomo na macho yake yamejaa maji. Nikakifunga kitabu. Karatasi ilikuwa kifuani pangu hapa, naisikia ikikwaruza kila ninapovuta pumzi. Na nikaona kwamba nikiitoa sasa nitauharibu mwisho wangu. Basi sikuitoa. Niliwaacha vile walivyo ili nifurahie kidogo kuwaangalia. Huo ndio ukweli wenyewe, na nimejaribu miaka yote kuupatia sababu iliyo nzuri zaidi, sikuipata.

Kesho yake alasiri Bakari alinifuata juu ya paa, kwenye matangi ya maji, nilikokuwa naanika nguo. Alikuja na sabuni mkononi ili aonekane na yeye ana shughuli. "Mwalimu," akasema, "wewe ni mtu wa ofisini, unaziona karatasi. Huu msamaha, sisi tulioripotiwa tumo?" Nilifikiri juu ya kile chumba bila yeye, nani atapika, nani atauliza halafu ikawaje. Nilifikiri juu yangu mwenyewe, nikirudi kuwa mtu wa chai siku saba kwa wiki. Nikamwambia, "Sijasikia." Neno moja. Akaendelea kusimama. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Nikamwambia, "Mimi ningengoja kwanza." Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, akanisaidia kuanika shuka yangu, yeye anashika huku mimi nashika kule. Aliposhuka nikaitoa ile karatasi, nikaichana vipande vidogo, nikavitumbukiza kwenye bomba la maji ya mvua.

Kamau alikwenda. Alikusanya vitu vyake kwenye begi la mgongoni na akaniambia, "Mwalimu, story yako ni tamu sana, lakini mimi si Mchina. Mamangu ako Nakuru anangoja." Siku ya kumi akapiga simu kutoka kwao, na nyuma yake tulisikia mbwa anabweka na mwanamke anacheka. Bakari aliishika ile simu kwa mikono miwili. "Kwa hiyo ni kweli," akaniambia baada ya kukata, "watu wanafika." Dirisha lilikuwa bado wazi, zilibaki wiki mbili nzima. Ningeweza kusema palepale, ningeweza hata kusema nimeulizia upya, na asingejua kamwe. Badala yake nikasema, "Kamau hakuripotiwa. Ya kwako ni mengine." Ilikuwa imekwisha kuwa lazima niseme hivyo. Ningesema vinginevyo, angeniuliza nimejua lini.

Na zile Ijumaa nilizomzuilia hazikuja tena. Dirisha lilipofungwa polisi walianza kupita mtaani, watu wakawa hawakai kwa makundi, na Bakari mwenyewe hakutaka visa. Sinia lilibaki na nafasi ya Kamau wazi, tunakula upesi, kila mtu anasikiliza ngazi. Mkataba wangu ulikwisha mwisho wa mwaka huo, nami nikaondoka kwa mlango wa mbele, na sanduku nililolinunua dukani chini yetu. Bakari alinibebea mpaka mlango wa jengo. Barabarani hakuthubutu kutoka. Nikampa kile kitabu. Alikipokea kwa mkono wa kulia na wa kushoto ameuweka kifuani, akasema hajui Kiingereza lakini atamtunzia Zuhura. Aliishi Jeddah miaka mitano zaidi. Mama yake alifariki, hakumzika. Mwishowe alikamatwa akinunua vitunguu, akawekwa ndani, akarudishwa kwao na kandambili miguuni na mfuko wa nailoni. Yote hayo aliniandikia katika salamu za Idi, bila kulaumu, kama mtu anayemweleza nduguye habari za nyumbani.

Ijumaa ya hitma nilifika Ngamiani, Tanga, mapema. Tulisoma, tukaomba, sinia za pilau zikaja. Watu walipopungua Zuhura alinikaribisha ndani. Ni msichana wa miaka kumi na saba, amemaliza kidato cha nne, ana urefu wa baba yake na ile sauti ya chini. Alikuwa ameshika kitabu. Jalada lilikuwa bado lile langu la kalenda. Mama yake alikuwa chumba cha ndani, yumo katika eda, pazia limeshushwa lakini mlango uko wazi.

"Baba mdogo," Zuhura akasema, "nina swali, na usinione nakukosea adabu."

"Uliza, mwanangu."

"Mimi Baba nilimwona nikiwa na miaka minane. Nilimwamkia kama mgeni, nikarudi kucheza. Nilipokua nikamwuliza kwa nini hakurudi wakati ule wa msamaha, watu wote wa mtaa huu waliokuwa huko walirudi. Kila mara alinijibu kwa hadithi ya hawa majambazi, walivyosamehewa, halafu wakapewa sumu. Alikuwa akisema ndiyo maana aliogopa. Sasa nimekisoma chote, kwa kamusi, likizo mbili. Nimefika ukurasa wa mwisho. Hakuna msamaha. Hakuna divai. Wamekaa tu karamuni. Mama siku zote anasema Baba alidanganywa huko Jeddah. Na aliyekuwa akikisoma ni wewe."

Nitasema nilichokihisi, kwa kuwa nimeahidi kusema. Nilifurahi. Moyo wangu ulitua chini. Katika maswali yote ambayo binti huyu angeweza kuniuliza, alikuwa ameniuliza lile moja ninaloweza kulijibu kwa ukweli mtupu. Nikamweleza kama mwalimu, kwa utulivu, kwamba kitabu hicho kiko cha namna mbili, kwamba hiki kimekatwa mkia, na kwamba kile kirefu kina msamaha na kina divai, sikubuni hata tone. "Tafuta kwenye simu yako," nikamwambia. Akatafuta palepale, amesimama. Nikaona uso wake unalegea kidogo kidogo alivyokuwa akisoma.

"Kipo," akasema. Akageukia pazia. "Mama, kipo. Ni kweli kilikuwa na mwisho mwingine." Kisha akanigeukia mimi. "Kumbe Baba hakudanganywa."

"Hakudanganywa, mwanangu," nikasema.

Nyuma ya pazia mjane wa Bakari akazungumza, sauti imechoka kwa kulia. "Shemeji, miaka yote hii nimekuwa nikikudhania vibaya, na mume wangu alikuwa akinikataza. Leo nakuomba unisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe. Zuhura aliniletea maji ya kunawa, akaniongeza pilau, nikala.

Nilipokuwa ninaondoka nilimwambia Zuhura kwamba ninaandika habari za maisha yangu na baba yake atakuwamo. Akaniomba nimpelekee sura hiyo nikiimaliza. Nimeimaliza. Yeye ni mtu wa kusoma hadi ukurasa wa mwisho, hilo nimelijua, kwa hiyo sikuikata. Nimetoa nakala mbili, moja yake na moja ya mama yake, nimezitia kwenye bahasha na nimeandika anwani. Leo ni wiki ya tatu ziko hapa kando ya mashine. Sijazichana. Wala sijazipeleka.